Kumsadiki Mwenye Ulimi Unaowaka

Huku Kumsenga, kwenye vilima vya Kibondo mkoani Kigoma, salamu haina haraka. Wawili wakikutana njiani asubuhi, mmoja akielekea shambani na mwingine akitoka kuteka maji, huanza na "Mwakeye", viganja vikapigwa polepole, mwili ukainama kwa heshima, halafu maswali yakafuatana: watoto, mwenye nyumba, mbuzi, maharage, aliyesafiri, aliyekuwa mgonjwa juzi. Majibu karibu yote huwa mema. Hata aliyekesha akigeukageuka kitandani hujibu kwamba kumekucha salama, kwa kuwa salamu ni mahali pa kumpa mwenzako amani kabla hujamtwisha lolote. Naupenda utaratibu huu, na ningehuzunika kuuona ukifa. Lakini yapo maumivu ambayo hayana nafasi ndani yake wala baada yake, kwa sababu hata yakisemwa, anayeyasikia hana pa kuyaona.

Nazungumzia ulimi unaowaka pasipo kidonda. Wanaoupata wengi ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ingawa wanaume pia wamo. Mtu huamka akiwa na nafuu. Jua likipanda, ncha ya ulimi huanza kuchoma, kisha kingo zake, kisha midomo kwa ndani na kaakaa, na ikifika jioni kinywa chote kinawaka kana kwamba amekunywa chai ya moto kwa pupa. Mate yapo lakini kinywa anakisikia kikavu. Ladha ya chakula hubadilika, na wengine hukaa na uchungu fulani mdomoni, au ladha ya chuma, hata wasipokula kitu. Mwambie afungue kinywa uangalie: ulimi ni mwekundu wa kawaida, hauna kidonda, hauna lengelenge, hauna utando. Hapo ndipo matatizo yake ya pili yanapoanza, na mara nyingi haya ya pili ndiyo yanayomliza.

Mama mkubwa wangu aliishi na hali hiyo kwa miaka. Ni mjane, mkulima wa maharage na muhogo, mtu ambaye hajawahi kusifika kwa kulalamika. Alikwenda kwenye zahanati moja, akaambiwa atoe ulimi, akaangaliwa kwa tochi ya simu, akaambiwa hakuna kitu. Akapakwa ile dawa ya zambarau, GV, akarudi nyumbani na midomo yenye rangi ambayo watoto waliicheka hadi kesho yake. Safari nyingine alipewa dawa ya minyoo. Safari nyingine amoksilini. Mahali pengine aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akaacha maharage kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa mtu wa Buha, nchi yetu Waha, ni sawa na kuambiwa aache kula. Mwishoni akaambiwa ni mawazo. Alirudi na neno hilo na hakulirudia kwa mtu yeyote kwa kipindi kirefu, kwa sababu alilielewa vizuri sana: maana yake ni kwamba wamemchoka.

Kilichomponza zaidi ni kwamba alikuwa anakula. Nilikaa naye jikoni zaidi ya mara moja nikamwona. Ugali wa muhogo ukishasongwa huliwa wa moto, ungali unavuta, na huku hakuna anayependa tonge lililopoa. Yeye alisubiri. Alimega tonge dogo, akaliviringisha kwenye vidole kuliko ilivyo kawaida, akachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, ambayo mkamwana wake alikuwa ameitenga kabla ya kutia pilipili kwenye sufuria ya wengine, akatafuna taratibu. Na uso wake ulilegea. Katikati ya mlo alikuwa na nafuu kuliko saa nyingine yoyote ya mchana. Kikombe kikishaoshwa na vyombo vikianikwa, moto ulirudi. Mkamwana wake, ambaye ni mtu mwema na amemtunza kwa moyo, aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: kama mdomo unaungua kweli, mbona anapokula hasemi kitu?

Swali hilo linaonekana la haki. Kidonda cha mdomoni huuma zaidi chakula kinapokigusa, kila mtu analijua hilo. Lakini madaktari wanaoshughulika na kinywa wameliandika jambo hili kwa miaka mingi: kwa wengi wenye ulimi unaowaka pasipo kidonda, kula au kunywa maji ya baridi hupunguza moto, na kinywa kikitulia hurudi. Yaani kile ambacho familia ilikitumia kama ushahidi kwamba mama anajisingizia, kilikuwa ni alama ya ugonjwa wenyewe. Nimelifikiria hili mara nyingi kuliko mengine yote katika habari yake. Tunaposema tunataka uthibitisho kabla ya kumwamini mtu, tunadhani tunajua uthibitisho una sura gani. Tunampima kwa ugonjwa tunaoujua sisi, naye anaumwa mwingine.

Moto wa namna hii si maneno matupu. Watoto wetu wanaujua bila kufundishwa: ukila pilipili kichaa, mdomo unaungua ilhali hakuna moto, hakuna ngozi iliyobabuka, na baada ya saa moja huwezi kuonyesha kitu. Mwaka 1997 David Julius na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitambua kipokezi kilicho kwenye mishipa ya fahamu ambacho hufunguka kinapoguswa na ukali wa pilipili. Kipokezi hichohicho hufunguka kinapoguswa na joto halisi linalozidi nyuzi 43 hivi. Kwa mshipa wa fahamu, pilipili na kaa la moto ni habari moja, na habari hiyo hupelekwa kwenye ubongo kwa njia moja. Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Mwaka 2005 watafiti wa Italia walichukua vipande vidogo kabisa vya nyama ya ulimi kutoka kwa wagonjwa ambao ndimi zao zilionekana nzima, wakavikagua kwa darubini, wakakuta nyuzi nyembamba za fahamu zimepungua kuliko zinavyopaswa kuwa. Ulimi ulikuwa mzima kwa macho ya mtu aliyeinama na tochi. Kwa darubini haukuwa mzima.

Kwa hiyo wagonjwa walikuwa wakisema kweli miaka yote kabla ya darubini hiyo. Ukweli wao haukuzaliwa mwaka 2005. Bibi aliyelala akiwaka ulimi hapa Kumsenga mwaka 1960, akafa bila kueleweka, alikuwa mkweli kiasi kilekile.

Nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba kila ulimi unaowaka ni wa aina hii isiyoonekana. Hapana. Kinywa huungua kwa sababu nyingi, na nyingine zinatibika kwa urahisi wa ajabu. Upungufu wa damu kwa kukosa madini ya chuma huufanya ulimi kuwa laini na mweupe, ukapoteza vile vipele vidogo vinavyoupa ukwaruzo, na ukachoma. Ukosefu wa vitamini B12 au foliki nao huufanya ulimi kuwa laini na kuchoma. Kisukari huunguza kinywa. Mgonjwa wa kisukari aliyemeza metfomini kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa na B12 kwa sababu ya dawa yenyewe, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, za jamii ya enalapril na captopril, zimejulikana kuleta mdomo unaoungua kwa watu wachache. Meno ya bandia yasiyokaa vizuri, dawa ya mswaki yenye ukali, tumbaku, pombe kali. Orodha ni ndefu, na inaanza kufunguka pale tu mtu mmoja anapokubali kwamba kuna kitu cha kutafutwa.

Halafu kuna utando mweupe wa fangasi. Huo unaonekana, na katika sehemu zetu umebeba historia nzito. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, jirani zetu wa kaskazini. Miaka iliyofuata watu wa magharibi mwa nchi walijifunza kusoma midomo. Aliyeanza kula kwa shida, aliyetafuta maziwa baridi, aliyesema koo linaungua, alishahukumiwa kabla hajafika hospitali. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na leo watu wanaozitumia wanazeeka, wanalima, wanaozesha watoto wao. Lakini mazoea ya kusoma midomo yamebaki. Mwanamke wa makamo, tena mjane, anajua akitamka kwamba kinywa chake kinawaka, kuna watakaoanza kuhesabu mume wake alikufa lini na kwa ugonjwa gani. Mama mkubwa alipima VVU mara zaidi ya moja kabla hajamwambia dada yake wa tumbo moja. Alipima ili awe na jibu mkononi kabla ya swali kuulizwa.

Kuna na lile la kiapo. Tangu zamani katika nchi nyingi watu wameutazama ulimi kama shahidi anayeweza kujishtaki. Mabedui wa Sinai na Jordan walikuwa na hukumu ya kumlambisha mtuhumiwa chuma kilichopashwa moto: ulimi ukitoka malengelenge, amesema uongo, na ukibaki mzima, ni mkweli. Huku kwetu hakuna chuma hicho, lakini mawazo yake yapo. Nimemsikia mzee anayeheshimika akisema, bila chuki yoyote, kwamba mtu mzima haungui ulimi bure, pengine aliwahi kula yamini kwa jambo la shamba. Mwingine alisema ni sumu, iliyotiwa kwenye pombe ya ndizi siku ya harusi. Na mama mkubwa mwenyewe, baada ya milango yote kufungwa, aliishika hiyo ya sumu.

Alikwenda kwa mganga. Sitamtukana mganga huyo, maana alifanya jambo moja ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya: alimkalisha kwenye mkeka akamwacha aseme mpaka mwisho. Aliuliza moto ulianza lini, unapanda saa ngapi, usiku ukoje. Mama mkubwa aliniambia alilia pale kabla hajapewa dawa yoyote. Watu wenye elimu hushangaa kwa nini wanakijiji huuza mbuzi kwenda kwa waganga na wakati zahanati iko karibu. Sababu mojawapo ni hii, nayo si ya kijinga: kwa mganga, maumivu yako yanakubaliwa unapoingia mlangoni.

Lakini mganga huyo akataja jirani. Na hapo pana jambo ambalo siwezi kulipita haraka, maana katika mikoa hii ya magharibi wapo wanawake wazee waliopoteza nyumba, na wengine uhai, kwa sababu ugonjwa wa mtu mwingine ulipewa jina lao. Jirani aliyetajwa ni mwanamke aliyezeeka peke yake, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni kama macho ya wazee wote wanaopikia kuni. Kwa miezi hakusalimiwa. Viganja havikupigwa kwa ajili yake. Aliungua kwa namna yake naye, na hakuna aliyemsadiki aliposema hakufanya lolote.

Tangu hapo nimekuwa nikitenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyafunga pamoja. La kwanza ni maumivu: hayo mwenyewe ndiye shahidi wake, na hakuna mwingine anayeweza kusimama mahali pake. La pili ni chanzo cha maumivu: hapo mgonjwa hana mamlaka zaidi ya wengine, na anaweza kukosea vibaya. Nilimsadiki mama mkubwa kwamba anaungua. Sikumsadiki kwamba jirani yake ndiye anayemuunguza, na nilimwambia. Alikasirika, kisha baada ya muda akakubali kunisikiliza, na nadhani alinisikiliza kwa sababu lile la kwanza nilishalikubali bila masharti. Mtu asiyesadikiwa maumivu yake hung'ang'ania chanzo, hata kiwe cha kumdhuru mwingine, kwa sababu chanzo ndicho kitu pekee anachoweza kukionyesha kwa watu.

Historia ina mfano mkubwa wa nchi nzima iliyokataa kusikia ndimi zinasema nini. Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani, maskini waliokula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi walipatwa na pelagra: ngozi iliyochunika, tumbo la kuhara, akili iliyovurugika, na kabla ya hayo yote mara nyingi ulimi mwekundu unaowaka. Wakubwa walisema ni ugonjwa wa kuambukiza, au wa kurithi, au wa watu wachafu. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Dkt. Joseph Goldberger. Alitembelea hospitali za wagonjwa wa akili akaona jambo ambalo wengine walikuwa wamelipita: wagonjwa walipata pelagra, wauguzi waliowahudumia hawakupata. Maambukizi hayachagui namna hiyo, sahani ndizo zinazochagua. Aliwaongezea watoto yatima maziwa, mayai, nyama na kunde, ugonjwa ukatoweka. Ili kuwanyamazisha waliosema unaambukiza, yeye na mkewe na wenzake walidungwa damu ya wagonjwa, na baadhi yao wakameza vitu vilivyochukuliwa kwenye miili ya wagonjwa hao, na hawakuugua. Bado viongozi wa kusini walichukia. Mwaka 1921, Rais Harding alipozungumza juu ya njaa na pelagra katika majimbo hayo, waliona wametukanwa. Ilikuwa rahisi kwao kuamini kijidudu kisichoonekana kuliko kuamini kwamba watu wao hawali vizuri. Goldberger alikufa mwaka 1929 bila kujua ni kitu gani hasa kilichokosekana kwenye sahani. Miaka michache baadaye, mwaka 1937, Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaponya mbwa wenye ugonjwa wa ulimi mweusi, ndugu wa pelagra, kwa kuwapa niasini.

Hadithi hiyo haiko mbali nasi. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi walipata pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgawo wao. Karanga tu. Mahindi yalikuwepo, watu walishiba, lakini niasini ya mahindi imefungwa ndani ya punje, tumbo haliipati, na karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo. Sisi wa Kibondo tumeishi na wakimbizi vizazi kwa vizazi. Kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo, na mwaka 2017 mgawo wa chakula katika kambi za mkoa wa Kigoma ulipunguzwa kwa sababu fedha za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hazikutosha. Mtu wa kambini anapopanga foleni na kusema mdomo wake unaungua, anatoa habari ya sahani yake na ya sahani za walio nyuma yake kwenye foleni. Anayemsikia na kumwambia "kunywa maji mengi" amepoteza habari ambayo vipimo vya gharama vingechukua miezi kuileta. Na wenyeji tusijione salama sana. Maharage, dagaa na migebuka ndivyo vinavyotulinda, na kaya ambayo kwa kipindi kizima cha njaa imekula ugali wa muhogo na majani peke yake iko karibu na ukingo uleule.

Najua nitakavyopingwa. Huku tumelelewa kuuthamini uvumilivu, na uvumilivu wa mama hasa. Mvumilivu hula mbivu, tunawaambia wasichana, na tunamsifu msibani mwanamke ambaye hakuwahi kusikika akisema "naumwa". Sitaki kuudharau uvumilivu. Umevusha familia zetu kwenye ukame na kwenye vifo. Lakini uvumilivu ni wa mwenye maumivu kuutoa, akipenda, na si wa sisi wengine kumdai. Tumeugeuza ukawa ada. Tunamngojea mama alipe kila siku kwa kunyamaza, kisha siku akisema tunashangaa mbona leo amekuwa dhaifu. Na tazama ni nani tunaowadai. Mzee wa kiume akisema mgongo unamkaba, kijana huondoka kutafuta pikipiki. Mgongo wake nao hauonekani.

Tena watasema: je, wadanganyifu? Wapo. Mtoto husema tumbo linauma asubuhi ya mtihani, na mtu mzima hujilaza siku ya kazi ya kijiji. Lakini naupima uzito wa makosa yote mawili. Nikimsadiki mwongo, nimepoteza saa yangu, pengine na nauli, na yeye amebaki na aibu yake. Nikimkana mkweli, nimemwacha na moto wake, kisha nimemwongezea upweke, na nimemfundisha asiseme tena hata siku atakapokuwa na jambo la kuua, mathalani kidonda cha pembeni mwa ulimi kisichopona wiki 3, ambacho lazima kipimwe saratani. Makosa haya hayalingani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa sababu hiyohiyo aliyekilalia ndiye anayepaswa kusikilizwa kwanza.

Aliyekibadilisha kisa cha mama mkubwa ni tabibu kijana kwenye kituo kimoja cha afya. Alivuta kigoda akaketi chini ya usawa wa macho yake, kama kijana wa Kiha anavyopaswa kuketi mbele ya mama yake, akaangalia ulimi, na hakuona kitu kama wengine. Kisha akauliza, "Ukiwa unakula, mama, unazidi au unapungua?" Mama mkubwa aliniambia alishtuka. Lilikuwa swali lilelile la mkamwana, lakini sasa limeulizwa na mtu anayetaka jibu. Akasema unapungua. Kijana akaitikia kwa kichwa, akaandika, akamwambia, "Nakuamini mama kwamba unaungua. Bado sijajua kwa nini." Akaagiza kipimo cha wingi wa damu, cha sukari na cha VVU, akaomba aone vidonge vyote anavyomeza. Damu ilikuwa pungufu kidogo. Akampa vidonge vya madini ya chuma na foliki, akamwambia aache dawa ya mswaki yenye ukali kwa muda, awe anapiga mswaki kwa chumvi kidogo na maji, na arudi. Akamwambia pia kwamba kama moto utabaki baada ya damu kupanda, basi huenda ni mishipa ya fahamu yenyewe, na kwamba kwa wengine hali hiyo hupungua yenyewe baada ya miaka. Hakumwahidi kupona.

Moto ulipungua na haukuisha. Kilichokwisha ni kule kujificha. Mama mkubwa alianza kusema wazi jioni kwamba leo umepanda, na mkamwana akajua kumwekea kikombe cha maji karibu, bila swali. Alikwenda pia kwa yule jirani. Sikuwepo, na sijui walisemezana nini, lakini sasa wanasalimiana.

Yale aliyoyafanya yule tabibu hayakuhitaji mashine. Vipimo vya damu, sukari na VVU hupatikana hadi kwenye vituo vya afya. Cha B12 huhitaji safari ndefu, na daktari wa kinywa anayeujua vizuri ugonjwa huu wa mishipa ya fahamu yuko mbali zaidi, katika hospitali kubwa za kanda na za taifa. Safari za namna hiyo, kutoka Kumsenga hadi Kibondo mjini, kutoka Kibondo hadi Kigoma au mbele zaidi, hazianzi hospitali. Zinaanza usiku mmoja nyumbani, pale mtoto wa kiume anapouza gunia la maharage ambalo bei yake ingepanda mwezi ujao, mkamwana anapokubali kubaki na mbuzi na watoto, na shemeji anapotoa nauli ya kurudi, wote kwa ajili ya ulimi ambao wameutazama kwa mwanga wa taa na hawakuona kitu.